Makala yangu ya sheria ilimpeleka jirani yangu mahakamani, akarudi na kitanda

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni binti wa mwaka wa tatu, nasoma sheria katika chuo kimoja hapa Dar es Salaam. Wiki hii yote silali vizuri. Wenzangu chuoni nikiwaeleza wananijibu, "Hilo halikuhusu, wewe si wakili wake." Lakini linanihusu, na ndiyo maana nakuandikia.

Mwaka jana nilianza kuandika uchambuzi wa hukumu kwa Kiswahili katika jarida la wanafunzi, ukurasa mmoja kila mwezi. Nia yangu ilikuwa njema. Nimekulia kwenye nyumba ambayo barua yoyote yenye mhuri wa mahakama ilikuwa inasubiri mjomba aje Jumapili kuisoma. Nikasema mimi nitaandika ili mtu asisubiri mjomba.

Makala iliyopendwa kuliko zote ilihusu kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983. Kichwa nilikiandika hivi: "Mama wa nyumbani, nusu ya nyumba ni yako." Nilieleza kwamba majaji walikubali kuwa kupika, kufua na kulea watoto ni mchango katika mali iliyochumwa ndani ya ndoa, kwa kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Watu wakaipiga picha, wakarushiana kwenye makundi ya WhatsApp, ikafika mpaka mtaani kwetu Buza.

Hapo nilipopanga nina jirani, nitamwita Mama Zai. Ana genge la nyanya na vitunguu mbele ya nyumba. Ameolewa miaka 17, wana watoto watatu. Ndoa ilipovunjika akaenda Mahakama ya Mwanzo kudai talaka na mgawanyo wa mali. Mimi hakuniuliza kitu. Nilikuja kujua siku ya hukumu, wiki iliyopita, aliponiomba nimsindikize.

Mwalimu, hukumu ilipokuwa inasomwa ndipo nilipojua alichokuwa ametoa mahakamani siku ya ushahidi. Alipoulizwa amechangia nini kwenye ile nyumba, alitoa makala yangu kwenye pochi. Alikwenda steshenari, akaichapisha na kuiwekea plastiki isichakae. Akasema, "Mheshimiwa, imeandikwa hapa, mwanamke wa nyumbani ana nusu." Basi. Hakuleta shahidi wala karatasi nyingine. Mume wake alileta risiti za matofali na fundi wake. Talaka imetoka, na Mama Zai amepewa kitanda, kabati la vyombo, friji na shilingi 500,000. Nyumba imebaki kwa mume, hakimu amesema mchango wa mke haukuthibitishwa.

Kwenye daladala wakati wa kurudi aliniambia, "Mwanangu, wewe hukunikosea. Mimi ndiye sikujua kujieleza." Angenitukana ningepata nafuu. Jioni nilimkuta gengeni amefungua daftari lake la kikoba, lile kaunta buku lenye jalada jeusi lililolowa mafuta pembeni ambalo hulilaza chini ya mizani. Alikuwa anapitia mikopo ya zamani ya bati na saruji, anafuta machozi kwa ncha ya kanga. Nikashindwa hata kumsalimia.

Habari zimefika chuoni. Mhadhiri mmoja alisema mbele ya darasa kwamba sheria haiandikwi kama maneno ya kanga, na kwamba uchambuzi wa kisomi mahali pake ni kwenye majarida ya wasomi, kwa Kiingereza, yenye tanbihi na wahariri. Baadhi ya wenzangu walicheka. Sikuwa na la kujibu, maana sasa naona kama ana haki.

Naomba unisaidie. Niiondoe makala ile kimya kimya? Nimwambie nini Mama Zai? Anaweza kunishtaki? Na je, niache kuandika mpaka niwe wakili?

Mchambuzi, Buza

*

Marahaba mwanangu.

Maswali yako nitayajibu yote, lakini kuna moja hukuliuliza nalo halingoji. Umesema hukumu imesomwa wiki iliyopita. Basi siku za kukata rufaa zimeshaanza kuhesabika, na hazisimami eti kwa sababu mtu analia. Ukimaliza kusoma hapa, nenda gengeni kwa Mama Zai. Mwambie kesho asubuhi mnakwenda mahakamani kuomba nakala ya hukumu na mwenendo wa shauri, yaani kumbukumbu ya yote yaliyosemwa mahakamani, kisha mnayapeleka kwa mtoa msaada wa kisheria. Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, wasaidizi wa kisheria na mashirika yanayotoa huduma hiyo wanatambuliwa na kusajiliwa. Dar es Salaam hamuendi mbali: wapo TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, wapo WLAC, kituo cha msaada wa kisheria kwa wanawake, na Chama cha Mawakili Tanganyika nacho hutoa msaada kwa wasio na uwezo. Siku zilizobaki zihesabiwe na wao wakiwa na hukumu mkononi. Usizihesabu wewe, wala usiniombe mimi.

Na lile daftari.

Umelitaja mwishoni kama unavyotaja hali ya hewa, nami nimeisoma sentensi ile mara tatu. Mikopo ya kikoba ya bati na saruji, imeandikwa kwa mkono wake, miaka ile nyumba inajengwa! Kifungu cha 114 kinaitaka mahakama iangalie kila mmoja amechangia kiasi gani, kwa fedha, kwa mali au kwa kazi. Mama Zai alikwenda mahakamani kudai kwa kazi peke yake, na hata kazi hiyo hakuieleza, ilhali fedha zake zimelala chini ya mizani. Tena kikoba hakina mtu mmoja. Yupo katibu, yupo mweka hazina, wapo wanachama waliokuwepo siku anapokea mkopo na waliomwona akilipa marejesho kila wiki. Hao ni mashahidi.

Nisikufiche, ushahidi hupelekwa kwenye shauri la mwanzo, na rufaa si mahali pa kuanza upya. Hata hivyo Mahakama ya Wilaya inaposikiliza rufaa iliyotoka Mahakama ya Mwanzo ina mamlaka ya kuagiza ushahidi wa ziada uchukuliwe. Haitoi ruhusa hiyo kirahisi, na lazima Mama Zai aieleze kwa nini hakuutoa mapema. Ombi hilo liandaliwe na anayejua. Wewe usimwandikie hata sababu moja ya rufaa, hata kama unaona unaweza. Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, inamkataza asiye wakili kufanya kazi ya wakili, na Mama Zai kwa sasa anahitaji mtu ambaye akikosea anawajibika.

Sasa turudi kwenye makala yako.

Nimefundisha sheria ya familia kwa zaidi ya miaka 20. Kila mwaka nilipofika kwa Bi Hawa darasa lilichangamka, wasichana wakigonga meza. Nilieleza jinsi majaji wa Mahakama Kuu walivyokuwa wamegawanyika makundi mawili, wengine wakisema kazi za nyumbani ni wajibu wa mke tu na hazihesabiki, wengine wakisema zinahesabika. Nilieleza jinsi Mahakama ya Rufani, ikiwa na umri wa miaka minne tu tangu ianzishwe mwaka 1979, ilivyokaa chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali na kuumaliza ubishi ule: ustawi wa familia ni sehemu ya uchumi wake, kwa hiyo anayeutunza anachangia. Mwaka mmoja binti aliyekaa nyuma kabisa akanyoosha mkono. "Mwalimu, kwa hiyo yeye Bi Hawa mwenyewe alipewa nini?"

Darasa likanyamaza, kwa sababu jibu ni kwamba kwenye ile nyumba hakupata kitu. Mahakama iliona mumewe alimpa fedha za kuanzisha biashara ya familia, naye akazitapanya, na ikasema kosa la namna hiyo linaweza kukatwa kwenye fungu la mtu. Fungu lake likaisha lote. Rufani ikatupwa. Mwanamke ambaye jina lake limewafungulia mlango maelfu ya wanawake wa Tanzania Bara, yeye kwenye nyumba aliyoidai hakupata fungu.

Nikikusoma naona hukuwaambia wasomaji wako jambo hili. Sisemi ulilificha. Nadhani ulisoma muhtasari, au uliifikia ile sehemu nzuri ukaona umefika. Wengi wetu huishia hapo. Lakini lililomkuta Bi Hawa mwishoni ndilo Mama Zai alilolihitaji kuliko yote, kwa sababu linaonyesha kwamba baada ya mahakama kukubali kuwa kazi ya nyumbani ni mchango, bado inauliza maswali mengine: mchango kiasi gani, umethibitishwa na nini, na kuna nini cha kuupunguza. Neno "nusu" halipo kwenye hukumu ile. Liko karibu na kifungu chenyewe, kinachosema mahakama ielekee kugawa sawa, lakini baada ya kwanza kuangalia mila za jamii ya wanandoa, michango, madeni na mahitaji ya watoto wadogo. Na Mahakama ya Rufani imerudia mara nyingi, mojawapo katika Rufani ya Madai Namba 102 ya mwaka 2018, kwamba kiwango cha mchango ni suala la ushahidi. Hakimu wa Mama Zai amefuata njia hiyo hiyo. Kama alipaswa kumuuliza mama zaidi juu ya kazi zake za miaka 17, hilo mtoa msaada ataliona kwenye mwenendo.

Jirani zetu wa Kenya wana mfano unaokwenda kinyume chake. Tarehe 27 Januari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kesi ya wanandoa wanaotajwa kwa herufi tu, JOO na MBO. Vichwa vya habari vilipiga kelele kwamba nusu kwa nusu imekufa, kwamba mke akiachwa hana tena haki ya nusu. Ni kweli majaji walisema usawa ulioandikwa kwenye Katiba haumpi mtu nusu ya mali moja kwa moja, kila mmoja athibitishe mchango wake. Lakini ukisoma mpaka amri za mwisho utakuta yule mke alipata nusu. Mahakama Kuu ilikuwa imempa asilimia 30 ya nyumba na asilimia 20 ya vyumba vya kupangisha, Mahakama ya Rufani ikapandisha ikawa nusu, na Mahakama ya Juu ikaiacha hivyo hivyo, kwa sababu mchango wake ulionekana kwenye ushahidi. Wangapi walirudi nyumbani wamekata tamaa kwa kichwa cha habari ambacho hakikuwaeleza hivyo?

Ndiyo maana nakwambia, unapochambua hukumu andika mambo mawili na usiyachanganye: mahakama ilisema sheria ni ipi, na watu wale walitoka na nini mikononi. La pili ndilo msomaji wa Buza atakalolielewa haraka, na ndilo litakalomfanya aulize, "Kwa nini huyu alipata na yule akakosa?" Akishauliza hivyo umemsaidia, kwa sababu kesho yake ataanza kutafuta risiti. Taja namba ya shauri na mwaka ili anayeweza aisome hukumu nzima bure TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania. Na useme wazi sheria yako inaishia wapi. Sheria ya Ndoa ya 1971 ni ya Bara. Dada wa Unguja aliyetumiwa ile picha ya makala yako alisoma kitu ambacho hakimhusu, na hapakuwa na mstari mmoja wa kumwambia.

Kuhusu mhadhiri wako. Ana haki kwamba uchambuzi unahitaji tanbihi na jicho la mhariri, na ungekuwa na mhariri mkali kichwa kile kisingepita. Siyadharau majarida ya wasomi. Tangu mwaka 1968 Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wanatoa Eastern Africa Law Review, na mengi ninayoyajua juu ya ndoa na mali nimeyapata kwa watu kama Bart Rwezaura walioandika wakati ambao hakuna aliyeona mambo ya wanawake ni sheria ya kutafitiwa. Lakini hapo kwenye Kiingereza ananiudhi. Mama Zai aliapishwa kwa Kiswahili, akahojiwa kwa Kiswahili, akasomewa hukumu kwa Kiswahili. Mahakama ya Mwanzo haijawahi kuwa na lugha nyingine. Jaji Zephrine Galeba aliandika hukumu ya Mahakama Kuu kwa Kiswahili kule Musoma, na tarehe 1 Februari 2021, Siku ya Sheria pale Dodoma, Rais Magufuli akamsifu hadharani na kumpandisha Mahakama ya Rufani. Mwezi huo huo Bunge likapitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Sheria ikiwa ya Kiswahili na wasomi wake wakaichambua kwa Kiingereza tu, mwananchi atabaki na nini cha kusoma zaidi ya picha za WhatsApp? Kosa lako lilikuwa kutosoma mpaka mwisho. Kiswahili hakikukosea chochote. Makala ile ile ungeiandika kwa Kiingereza ingekuwa na pengo lile lile, ila Mama Zai asingeiona, na wewe usingejua kamwe kwamba ina pengo.

Umeuliza kama anaweza kukushtaki. Kwa uliyonieleza sioni kesi. Hukumshauri yeye, hukuchukua senti yake, uliandika makala kwa watu wote. Lakini nadhani hilo silo linalokunyima usingizi. Mama Zai amekusamehe kabla hujamwambia kosa ni lipi, na msamaha wa namna hiyo unachoma. Basi mwambie. Usimwambie kwa maneno ya darasani. Kaa naye gengeni wateja wakipungua, umwambie, "Mama, makala yangu haikukwambia kwamba Bi Hawa mwenyewe alikosa nyumba, na haikukwambia kwamba utahitaji mashahidi. Ningeandika hivyo, ungekwenda na daftari lako." Kisha nyamaza umwache aseme lake. Akikasirika, ana haki. Akikwambia tena hukumkosea, usibishane naye.

Makala usiiondoe kimya kimya. Imeshatoka mikononi mwako, iko kwenye simu za watu, na ukiifuta kwenye jarida zile picha zitaendelea kusafiri bila wewe. Andika masahihisho, ukurasa huo huo, kwa herufi za ukubwa ule ule, halafu uyarushe kwenye makundi yale yale yaliyoibeba makala ya kwanza. Ndani yake usimtaje Mama Zai wala kesi yake, hata kwa jina la bandia, hata kwa kusema "jirani yangu mmoja". Rufaa ikifunguliwa shauri liko mahakamani, na hata lisingekuwepo, yale ni maisha yake.

Kuhusu kuacha kuandika mpaka uwe wakili, sitaki. Mlimani wanafunzi na wahadhiri walikuwa na Kamati ya Msaada wa Kisheria tangu miaka ya 1960, na wengi wa walioketi pale kusikiliza shida za watu hawakuwa mawakili bado. Walikuwa na mkubwa wa kuwapitia kazi. Nawe tafuta wako, mwombe mhadhiri wa sheria ya familia asome kila ukurasa kabla haujatoka. Anza na yule yule aliyekusema darasani, maana ameonyesha anajali usahihi. Akikataa, niletee mimi, nitasoma na kurudisha siku hiyo hiyo.

Sentensi ya kwanza ya masahihisho ninakupa: "Bi Hawa Mohamed hakupata nyumba, na katika makala yangu ya mwaka jana sikuwaambia." Ya pili iandike wewe.